Anko wa Gemu Anajibu: Ukiona Kionjo Toka San Francisco, Angalia Nani Kashika Pedi

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Kila mwaka ikifika Machi meseji zenu zinamiminika, na sababu ni ileile, GDC, ule mkutano wa watengenezaji gemu wa pale San Francisco kwenye majumba ya Moscone. Wiki hiyo vionjo na intavyuu vinajaa kwenye simu mpaka mtu hujui ushike kipi uache kipi. Safari hii nimechagua maswali saba, mengine nimeyaunganisha maana yalikuwa yanauliza kitu kimoja.

Anko vipi. Mimi na washkaji tunabishana hapa kijiweni toka juzi. Tumeona kionjo cha gemu toka GDC, dakika kama kumi hivi, mvua inanyesha mpaka unaona maji yanachuruzika kwenye koti la jamaa. Mshkaji anasema gemu nzima itakuwa hivyo, mimi nasema hapo tumepigwa. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Mbagala)

Mdogo wangu, wewe uko karibu zaidi ila usiseme mmepigwa bado. Chukulia mtu anajenga nyumba, hela haijatosha, akamaliza sebule tu, akapiga plasta, akapaka rangi, akaweka makochi na pazia, halafu anakukaribisha ukae hapohapo sebuleni. Ulichokiona ni cha kweli kabisa, makochi yapo, rangi ipo, ila huko nyuma vyumba ni tofali tupu na bati hazijapanda. Studio nyingi ndivyo zinavyofanya. Wanachagua kipande kimoja cha gemu, dakika kumi au ishirini, wanakipika mpaka kinaiva kila upande, picha, sauti, mapigano, kila kitu, na hicho ndicho wanachokwenda nacho kwa wenye hela na kwa waandishi. Kukipika hicho kipande kunaweza kula miezi ya timu nzima, na wakati huo gemu yenyewe imesimama.

Sasa shida inaanza pale sebule inapotumia saruji ya nyumba nzima. Kile kipande kinachezwa kwenye kompyuta ya bei mbaya, kina mtaa mmoja tu na watu ishirini, lakini ikifika siku ya kuuza inabidi mji mzima uingie kwenye mashine yako ya nyumbani, kwa hiyo wanaanza kupunguza, mwanga unapungua, mvua inapungua, watu barabarani wanapungua. Gemu ya Watch Dogs ndiyo watu wengi wanaikumbuka kwa hili, ilionyeshwa kwenye maonyesho ya gemu ya E3 2012 watu wakapagawa, ilipotoka Mei 2014 wakaweka video mbili pembeni kwa pembeni na malalamiko yakachukua muda mrefu kuisha.

GDC nayo imeyaona hayo. Mwaka 2005 Will Wright, yule aliyetengeneza SimCity na The Sims, alipanda jukwaani akaonyesha Spore, unaanza na kidudu kidogo majini, kinakuwa mnyama, kinakuwa kabila, mpaka unaruka na chombo unazunguka sayari za wengine. Ukumbi mzima ulisisimka. Gemu ikaja kutoka Septemba 2008, zaidi ya miaka mitatu baadaye, na waliokuwa na ile picha ya 2005 kichwani wengi wao hawakuridhika. Mimi simwiti mwongo. Alionyesha wazo likiwa bado bichi kwa watengenezaji wenzake, na wazo likiwa bichi linapendeza kuliko likishaiva, ila dunia nzima ilikuwa inachungulia dirishani ikadhani imeahidiwa.

Kwa hiyo hapo kijiweni fanyeni hivi, irudieni hiyo video mwangalie nani kashika pedi, kile kidude cha mkononi cha kuchezea. Mwandishi mwenyewe kacheza, au mtu wa studio ndiye alikuwa anacheza wenzake wamekaa wanatazama? Angalieni na kamera inavyokwenda. Binadamu akicheza kamera inayumba, anagonga ukuta, anapita mlango anarudi, anaangalia chini bila sababu. Kama kamera inateleza kama ya filamu na mhusika hakosei hata hatua moja, hiyo imefanyiwa mazoezi. Halafu someni yale maandishi madogo chini ya skrini, wao wenyewe huwa wanaandika kama hiyo ni gemu inachezwa au ni picha tu zilizotolewa kwenye injini ya gemu, ile programu inayoiendesha, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Mwanangu habari. Mimi siyo mtu wa michezo hiyo. Kijana wangu yuko kidato cha tatu, anataka laki na nusu alipie gemu ambayo haijatoka, anasema imeshaonyeshwa Marekani na akichelewa itaisha. Inaisha kweli? (Mama, Tanga)

Shikamoo mama. Haiishi. Kama anainunua kwa kuishusha kwenye mtandao ni sawa na kununua wimbo kwenye simu, wakinunua watu milioni moja leo kesho bado ipo. Hata ya diski, maduka wakiishiwa wanaagiza nyingine. Huko kulipa kabla kunamsaidia zaidi muuzaji kuliko mwanao.

Nikupe mfano mmoja tu. Ipo gemu inaitwa Cyberpunk 2077, ilisubiriwa miaka, ilionyeshwa ikasifiwa sana, watu wakalipa kabla. Ikatoka tarehe 10 Desemba 2020, kwenye PlayStation 4 na Xbox One za zamani ilikuwa inakwama na kuzima hovyo, na wiki moja tu baadaye Sony, wenye PlayStation, wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni wakaanza kurudishia watu hela. Ilikaa nje mpaka Juni 2021. Baadaye waliitengeneza ikawa gemu nzuri sana na mimi naipenda, lakini aliyesubiri aliipata ikiwa nzima na kwa bei ya chini. Sasa mama naomba usimkatalie moja kwa moja, hiyo hela muwekee, mwambie gemu ikitoka asubiri wiki mbili, aone waliocheza nyumbani kwao kwenye mashine kama yake wanasemaje, wakisema nzuri mpe. Mtoto akiona umemsikiliza na masharti atayakubali.

GDC si ndio E3 ile ile jamani? Mbona mnatuchanganya. (Msomaji, Mombasa)

Hapana ndugu yangu. E3 ilikuwa ya kuuza, ilianza 1995 kule Los Angeles, na Desemba 2023 wenyewe walitangaza imekufa rasmi. GDC ilianza 1988 sebuleni kwa Chris Crawford, mtengenezaji gemu wa kule San Jose, watu kama 27 wakakaa wakaongea kazi. Mwaka 2025 walifika karibu 30,000 lakini shina ni lilelile, fundi anamweleza fundi mwenzake.

Makampuni makubwa nayo hupita hapo kutangaza vitu vyao. Bill Gates aliitangaza Xbox GDC ya 2000, na ile aliyoionyesha ilikuwa na umbo la herufi X, inang'aa kama sufuria mpya, iliyokuja dukani Novemba 2001 ni boksi jeusi. Google nao walikuja na Stadia Machi 2019, gemu bila mashine, unacheza kwa intaneti tu. Nakumbuka vijana wengi huku walinitumia meseji wakishangilia kwamba sasa tumekombolewa, hakuna tena kununua mashine. Haikufika Afrika hata siku moja, na tarehe 18 Januari 2023 ikafungwa, ingawa wateja wao wa huko walirudishiwa hela za gemu walizonunua.

Habari Anko, nasoma chuo Morogoro mwaka wa pili kompyuta. Ndoto yangu ni kutengeneza gemu na nataka siku moja nifike GDC. Nimeangalia tiketi nikakata tamaa. Je bila kwenda kule nitajuaje vitu vyao? (Msomaji, Morogoro)

Hili ndilo swali nililotaka kulijibu mwaka mzima. Kweli tiketi ni ghali, mpaka 2025 ile ya kuingia kila mahali ilikuwa imepita dola 2,000, hapo bado ndege, hoteli za San Francisco, na visa ambayo imewakwamisha watengenezaji wengi wa Afrika wakiwa na mwaliko mkononi. Lakini mdogo wangu, kile kilicho kitamu kwenye ule mkutano kinakuja mpaka Morogoro bure. GDC wana chaneli yao YouTube, na wana maktaba yao ambayo sehemu yake iko wazi kwa kila mtu, mihadhara ya miaka na miaka. Ile wiki ya Machi watu wanatumia bando lao lote kuangalia trela za dakika mbili. Wewe subiri usiku, bando la usiku, weka video kwenye ubora wa chini maana unachohitaji ni masikio, ushushe mihadhara ya saa nzima.

Anza na ile mihadhara ambayo watengenezaji wa zamani wanarudi kueleza gemu zao zilivyotengenezwa na walikosea wapi, mihadhara hiyo ilianza 2011. Mwaka 2016 alisimama David Brevik akaeleza gemu yake Diablo. Hiyo gemu mwanzoni ilikuwa ya zamu, wewe unacheza, unasubiri, adui naye anacheza, kama bao. Wenzake wakataka iwe ya papo kwa papo, yeye hakutaka, wakapiga kura akashindwa. Ijumaa mchana akakaa peke yake kwenye kodi, yale maandishi ya programu, kujaribu, saa chache tu, halafu akabofya kipanya juu ya adui mmoja wa mifupa mitupu aliyesimama shimoni, shujaa wake akatembea mpaka pale akampiga akasambaratika. Anasema palepale akajua. Umeona? Mtu anasimama mbele ya ukumbi anakwambia mimi nilikuwa sitaki kitu ambacho ndicho kilikuja kuijengea gemu yangu jina. Hilo huwezi kulisikia kwenye trela hata moja.

Halafu mtafute Jordan Mechner na gemu yake Prince of Persia ya 1989. Alimpiga video mdogo wake akikimbia na kuruka akiwa na nguo nyeupe, akachora picha moja baada ya nyingine juu ya ile video, ndiyo maana yule mwana wa mfalme anakimbia kama mtu na siyo kama katuni. Ila zile picha zilimeza kumbukumbu ya kompyuta ya Apple II yote, ikawa hamna nafasi ya kuweka adui. Akafanya nini? Akamchukua shujaa yuleyule, kwa ujanja mdogo wa kodi akamgeuza kivuli chake, ndiyo adui akapatikana bila kuongeza picha. Wewe mwenye laptopu ya ramu nne unayelalamika, hilo somo ni lako.

Na ya tatu, ya watu wa Nintendo 2017, walieleza Breath of the Wild, gemu ya mfululizo wa Zelda, wiki ileile inatoka. Gemu ile ni kubwa, milima, upepo, moto unaunguza nyasi. Ila kabla ya yote hayo walitengeneza kigemu cha kutazama toka juu, vimraba vidogo kama Zelda ya kwanza kabisa ya miaka ya 80, kwa ajili ya kupima tu je ukiwasha moto karibu na mti mti utaungua, je vitu vikigusana vitajibu vyenyewe bila mtu kupanga kila tukio? Walipoona inafurahisha ikiwa mbaya hivyo ndipo wakaendelea. Yani kampuni yenye hela zote zile ilianza na kitu ambacho wewe unaweza kukitengeneza hapo bwenini kwako. Nilipoiona mara ya kwanza niliirudisha nyuma nikaiangalia tena na tena, na toka siku hiyo kijana akiniletea mpango wa kurasa hamsini namwambia niletee vimraba kwanza.

Kitu kimoja cha ukweli nikuongezee maana sitaki uende umefumba macho, kazi hii ina wakati mgumu sasa hivi hata huko kwao. GDC huwa wanafanya utafiti wa watengenezaji kila mwaka, na ule wa 2025 ulionyesha kama asilimia 11 waliachishwa kazi ndani ya mwaka mmoja. Maliza chuo, shika cheti chako, gemu tengeneza usiku.

Niaje Anko, hizi intavyuu za madevelopa mbona zote ni kama wimbo moja? "Tuna-excite sana, mashabiki watapenda." Kuna haja ya kuzisoma kweli? (Msomaji, Nairobi)

Ipo haja, ila uzisome na kalamu. Elewa kwanza mle chumbani hawako wawili. Pembeni kuna mtu wa mawasiliano wa kampuni, muda ni dakika ishirini, na mwandishi ameshasaini karatasi kwamba hatatoa kitu mpaka saa fulani ya siku fulani, ndiyo maana unaona tovuti kumi zinatoa habari moja dakika moja.

Njia yangu mimi ni hii. Kila anachosema kigeuze Kiswahili kichwani, halafu hesabu "ta" na "me". Utajenga, utakutana, itabadilika, mtashangaa, hizo zote ni "ta". Tumejaribu, tumefuta, tumeshindwa, tumemaliza, hizo ni "me". Intavyuu ikijaa "ta" ifunge, ikiwa na "me" hata tatu isome mpaka mwisho.

Mtengenezaji gemu Peter Molyneux, kabla ya gemu yake Fable kutoka, alisema kwenye mahojiano utapanda mbegu ya mti na itakua mbele ya macho yako miaka ikienda. Gemu ikatoka 2004 mbegu haipo, ikabidi aombe radhi hadharani. Sean Murray wa gemu ya No Man's Sky naye aliulizwa sana kama wachezaji wataweza kukutana ndani ya gemu, akajibu ndiyo ila itakuwa vigumu kwa jinsi anga lilivyo kubwa. Agosti 2016 gemu ikatoka, siku ya kwanza tu wachezaji wawili wakafika sayari moja, mahali pamoja kabisa, kila mmoja anamwambia mwenzake nipo hapa, na hawaonani. Watu walikasirika sana. Lakini huyu bwana nampa heshima yake, alinyamaza. Yeye na timu yake ndogo wakafanya kazi, wakawa wanaongea pale kitu kikishakamilika, na Julai 2018 watu wakaanza kuonana kweli. Alihama toka "ta" akaja "me".

Ssebo Anko, huko GDC sisi Waafrika tupo au tunatazama tu? (Msomaji, Kampala)

Tupo ndugu yangu, wachache ila tupo, na wewe wa Kampala una mtu wa kujivunia karibu kabisa. Lual Mayen, familia yake ilikimbia vita Sudan Kusini, akakulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda miaka 22. Mama yake alidunduliza miaka mitatu akamnunulia laptopu ya dola 300, na kuichaji tu alikuwa anatembea masaa. Hapo kambini akajifunza mwenyewe akatengeneza gemu inayoitwa Salaam, unamsaidia mkimbizi kukimbilia kwenye amani. Mwaka 2018 tuzo za gemu za The Game Awards zilimtambua mbele ya dunia. Mimi habari ya yule mama kila nikiisoma nakaa kimya kidogo.

Kenya, Wesley Kirinya alitengeneza Adventures of Nyangi, gemu ya 3D, 2007, wakati ambao intaneti ya kujifunzia hivyo vitu ilikuwa ya kukodi kwa dakika. Cameroon wapo Kiro'o Games wa Yaoundé, walichangisha hela kwa watu kwenye tovuti ya Kickstarter 2015 na mwaka uliofuata wakatoa Aurion, mfalme anapinduliwa siku ya kuapishwa anazunguka na mkewe kurudisha kiti chake.

Na usidhani kule wanapewa wakubwa tu. Ndani ya GDC kuna tuzo za gemu huru, zisizo za makampuni makubwa, zinaitwa IGF. Lucas Pope amechukua ile kubwa mara mbili, 2014 na 2019, na gemu zote mbili kazitengeneza karibu peke yake. Ya 2024 ilikwenda kwa gemu inayoitwa Venba, ndani yake kuna mama wa Kitamil aliyehamia Canada, anapika, kitabu cha mapishi cha mama yake kimechakaa maandishi yamefutika, inabidi ukumbuke nini kinatangulia sufuriani. Nilipoicheza nilimuwaza bibi na pilau lake, binzari inaingia lini, kitunguu kiwe cha rangi gani. Hiyo gemu yetu bado haijatengenezwa, nasema wazi.

Anko nina demo ya gemu yangu ya bodaboda nimehangaika nayo miezi nane, nataka kuwaonyesha watu ila naogopa. Nianzeje? (Msomaji, Temeke)

Anza na mtoto usiyemjua, na wewe ufunge mdomo. Nasema hivi kwa sababu nilimsindikiza kijana mmoja mwaka juzi kwenye kibanda cha gemu hapo Sinza, kile chenye tivii nne na pedi zilizoisha raba. Alikuwa na gemu yake, kaiweka kwenye laptopu, akamwomba mwenye kibanda nusu saa. Akakaa mtoto wa miaka kama kumi hivi, yunifomu bado kavaa. Gemu inaanza chumbani, kuna mlango, unatakiwa ubonyeze kitufe kimoja utoke. Mtoto akagonga ule mlango na mwili wa mhusika mara ya kwanza, ya pili, akazunguka chumba chote, akaruka juu ya kitanda, akarudi mlangoni. Yule kijana mkono ukawa unamwasha anataka amwonyeshe, nikamshika bega. Dakika nne zikapita. Mtoto akaweka pedi chini taratibu akasema "kaka hii ni ya kuruka kitandani?" akaondoka.

Kijana aliumia, sitakudanganya, njia nzima hakuongea. Ila usiku ule aliuondoa mlango wote, gemu ikawa inaanzia nje barabarani, na Jumamosi iliyofuata tukarudi palepale. Watoto wawili waligombania pedi.

Wewe miezi nane yote umeicheza peke yako, kila mlango unaujua. Kaa nyuma yake, shika daftari, andika kila anapokwama, usimsaidie wala usimweleze hadithi. Akikuuliza kitu, andika swali lake. Ukishafanya hivyo na watoto watano nitumie hilo daftari, siyo trela, daftari, tulisome pamoja kwenye toleo lijalo.